Mahala Chisolm na Majina ya Kikapuni

Daraja la kwenda kisiwa cha Tolliver lilipofunguliwa, waheshimiwa walikuja kukata utepe, wakapigwa picha, na jiwe likachongwa majina ya watu kumi na wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala kisiwani. Jina la Mahala Chisolm halimo. Si ajabu. Mahala hakujenga daraja. Alipokea watoto tu, na kazi ya kupokea watoto haikatiwi utepe. Lakini ukiwauliza wazee wa Tolliver ni nani aliyewaona kabla hata mama zao hawajawaona, watakutajia mtu mmoja.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Mwaka wake wa kuzaliwa aliuhesabu kwa kurudi nyuma: miaka kumi na sita kabla ya ile dhoruba kubwa iliyozamisha mashamba. Basi mwaka wa 1941, ambao ndio wenye habari hii, alikuwa na miaka sitini na minne, na alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kuku, na bustani ya bamia. Kitu alichokithamini kuliko vyote hivyo kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango: mkoba wake mweupe.

Mkoba huo ulikuwa wa kitambaa kizito, na kila kitu ndani yake kilikuwa na mahali pake. Mkasi. Uzi wa kufungia kitovu, uliochemshwa na kufungwa kwenye karatasi. Dawa ya matone ya macho. Brashi ya kusugulia kucha. Aproni. Kibali chake cha ukunga, kinachotolewa upya kila mwaka. Na fomu za serikali, kwa sababu tangu mwaka wa 1921 mkunga hakutakiwa kupokea mtoto tu, alitakiwa pia kumwandika.

Na kuandika ndiko kulikomtoa jasho. Mwaka huo alikuwa na miaka arobaini na minne na hakujua hata herufi moja. Alikaa kwenye benchi la kanisa kila Jumapili mchana, majira mawili ya baridi, magoti yakigusa kidevu, pamoja na watoto aliowapokea mwenyewe, mpaka mkono ukakubali. Waliomcheka aliwaambia, "Nilikufunga kitovu wewe. Hicho kicheko chako nilikisikia kikiwa bado ni kilio." Basi wakanyamaza.

Sasa, kwetu kisiwani kila mtoto ana majina mawili. Jina la kikapuni hupewa siku ile ile ya kuzaliwa, mtoto angali amelazwa kwenye kikapu cha nyasi alichoshonewa na bibi yake. Huyu ataitwa Mingo, yule Sukey, yule Boysie, na binti aliyezaliwa mdogo sana akaitwa Pinda, maana wazee wetu karanga waliiita pinda. Jina la pili ni la kanisani na shuleni. Wazazi wanalijua lakini hawalitamki. Linangoja siku ya tisa, kitovu kimekauka, mama anatoka nje kwa mara ya kwanza. Hapo mkunga husimama kizingitini na mtoto mikononi, akamnong'oneza jina lake kabla mtu mwingine hajalisikia. Wazee walisema mauti ni mgeni asiyezijua nyumba, hupita akiuliza watu kwa majina. Akiuliza jina ambalo halijasemwa, ataondoka mikono mitupu. Na hata baada ya siku ya tisa, jina hilo hutunzwa kama nguo ya Jumapili. Halipigiwi kelele ovyo, hasa karibu na maji.

Unaweza kucheka. Mahala hakucheka. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alimzaa mtoto wake mmoja na wa pekee, mvulana. Mumewe, Tobias, alifurahi mpaka ulimi ukamshinda. Siku ya tatu alisimama gatini akawatangazia wavua chaza wote waliokuwa wakipita na mashua zao, "Nimepata dume! Anaitwa Josiah!" Siku ya nane mtoto alikakamaa, taya zikabana, akafa. Tobias alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anajilaumu. Mahala hakumlaumu hata siku moja, lakini jina lile hakulitamka tena.

Baadaye, kwenye mafunzo ya wakunga, alifundishwa kwamba ule ugonjwa ni pepopunda, na kwamba unaletwa na mkasi usiochemshwa. Aliamini. Tangu siku hiyo alichemsha mkasi mara mbili kwa ajili ya mafunzo, na akafunga mdomo mpaka siku ya tisa kwa ajili ya Josiah. Mambo hayo mawili hayakuwahi kugombana kichwani mwake. Na ni kweli pia kwamba mikononi mwake watoto wa Tolliver walikuwa hawafi.

*

Barua ilifika mwanzoni mwa Julai. Pinda aliisoma barazani kwao huku mama yake, Dosia Capers, na Mahala wakimenya kamba kwenye beseni moja. Dosia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwingi wa maneno. Hakupitwa na jambo bila kulitia chumvi. Yeye naye Mahala ndiye aliyempokea, kisha akampokea binti yake. Pinda alikuwa na miaka kumi na minane, na chuo cha wauguzi huko Charleston kilikuwa kimeshamkubali. Kilichobaki kilikuwa cheti cha kuzaliwa, kiwasilishwe kabla ya tarehe mosi Septemba.

"Hebu soma tena," Dosia alisema.

"Mama, nimesoma mara tatu. Wanasema hayupo. Hakuna Lavinia Capers aliyezaliwa kaunti hii mwaka ishirini na tatu."

"Basi huyu anayenimalizia wali wangu ni nani?"

"Wanasema huenda mkunga hakuleta fomu."

"Mkunga gani? Huyu? Huyu ambaye fomu anazibusu kabla ya kuzitia kwenye bahasha?" Dosia aligeuka. "Bibi, umesikia unavyosingiziwa?"

Mikono ya Mahala ilikuwa imesimama ndani ya beseni. Aliiona ile siku ya 1923 kama jana: Dosia amelala, mtoto amefungwa kikapuni, yeye ameketi dirishani na fomu gotini. Mstari wa kwanza uliuliza jina la mtoto. Mtoto alikuwa na saa nne tu duniani. Alikuwa na jina moja tu la kutajwa.

"Pinda," alisema taratibu, "waandikie tena. Waulize kama wanaye Pinda Capers."

Pinda ndiye aliyeelewa kwanza.

"Bibi. Uliandika la kikapuni."

"Ndilo lililokuwepo."

"Kwangu tu, au wote?"

"Wote."

"Boysie? Sukey wa kwa kina Moultrie?"

"Mwanangu, nimesema wote."

Dosia aliachia kicheko mpaka akashika ubavu. "Yaani serikali ya jimbo zima ina makabati yamejaa karanga! Karanga Capers, jinsi ya kike, ratili tano!" Pinda naye akacheka, Mahala naye akacheka, wakafuta machozi kwa migongo ya mikono iliyonuka kamba. Halafu kicheko kikaisha, kila mmoja kwa wakati wake, na Mahala ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Maana walijua wote. Muuguzi wa kaunti, Bi Hargrove, ndiye aliyesimamia wakunga, na hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka uliopita alimnyang'anya kibali mkunga wa kisiwa jirani kwa fomu tatu zilizochelewa. Tatu tu. Mahala alikuwa na fomu mia moja tisini na sita, na zote zimekosewa.

"Sikiliza," Dosia alisema, sauti sasa imeshuka. "Jumanne si mna mkutano huko mjini? Nenda umwambie yule mama kwamba ulisahau fomu moja. Moja tu, ya huyu. Nani hasahau? Atakukaripia, utaangalia viatu vyako, ataandika nyingine yenye Lavinia. Yamekwisha."

"Na wengine je, Mama?" Pinda aliuliza. "Boysie anataka kwenda kujenga meli. Huko nako wanataka cheti."

"Boysie atajijua. Siku akiulizwa tutasahau tena ya pili."

"Mama."

"Usini-mama. Huyu akipoteza mkoba wake, nani atatuzalisha hapa? Wewe? Hata chuoni hujaenda bado."

Mahala alinawa mikono. Alimtazama Pinda, halafu Dosia, halafu akasema atafanya hivyo. Atasema alisahau moja. Alirudi nyumbani kwa miguu, akaushusha mkoba kutoka msumarini, akatoa kila kitu na kukipanga upya, ingawa kilikuwa kimepangwa.

Kwa nini hakungoja siku ya tisa ndipo aandike? Kwa hilo wengi wamemlaumu, hasa wale ambao hawajawahi kungoja mashua ya barua, itokayo Ijumaa tu. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu: aliona ni heri hivyo. Serikali ni nyumba kubwa yenye milango mingi, na nani ajuaye nani anaingia na kutoka humo akisoma majina ya watu. Mtoto mchanga akawe na jina la kikapuni hata huko. Alidhani anawafunika.

*

Mashua ya kuvukia ilikuwa ya Mingo, jitu la miraba minne ambalo lilizaliwa limetanguliza miguu na tangu hapo halikuacha kusumbua.

"Bibi, leo umenuna kana kwamba nimekuuzia kaa waliooza."

"Endesha chombo chako."

"Naendesha. Ila mwambie huyo Bi Hargrove, mke wangu ana miezi sita sasa. Ameapa hazalishwi na mtu mwingine. Amesema hata mimi nikae mbali."

"Hapo ana akili."

"Nimekuona umecheka. Nimekuona."

Hakuwa amecheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani na kuyaangalia maji.

Mkutano ulifanyika ukumbini mwa kanisa la watu weusi mjini. Wakunga thelathini, aproni nyeupe, kila mmoja na mkoba wake wazi mbele yake. Bi Hargrove alipita meza kwa meza. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, mwenye saa ndogo kifuani. Aliwaita wote kwa majina yao matupu, hata waliomzidi miaka thelathini, kama ilivyokuwa tabia ya Wazungu wa huko. Wao walimwita Bi Hargrove. Lakini haki yake apewe: kucha zake zilikuwa safi kama alivyotaka zao ziwe, na akisikia kuna mtoto mgonjwa angemfuata hata kwa miguu kwenye matope.

Alichungulia mkoba wa Mahala. "Safi, kama kawaida."

"Bi Hargrove, nina jambo. Kuna fomu moja nilisahau kuileta. Ya mwaka ishirini na tatu."

"Wewe? Ulisahau?"

"Nilisahau."

Bi Hargrove alimtazama kidogo, akaenda mezani kwake na kurudi na karatasi. "Hiki ni kiapo. Andika jina la mtoto hapa, jina lako hapa chini, kwamba fomu haikuwahi kuletwa. Tutamtolea cheti."

Mahala alichukua kalamu. Aliandika polepole, kama alivyoandika siku zote, akiivuta kila herufi kama ndoo kutoka kisimani. Lavinia Capers. Alipomaliza aliyatazama yale maneno. Katika miaka ishirini ya kuandika watoto, hilo lilikuwa jina la kweli la kwanza kuliandika kwa mkono wake. Lilipendeza. Lilionekana kama mtu anayeweza kuingia mlango wa mbele. Na hapo wengine wakamjia, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama nje ya mlango huo huo: Boysie, Sukey, mapacha wa kwa kina Simmons, wote na majina yao ya kikapuni, wakiambiwa hawapo.

Kwa miaka arobaini, kila mwanamke aliyeona haya kufunguliwa nguo, Mahala alimwambia neno lile lile: Mficha uchi hazai, mwanangu. Aliona aibu kulikumbuka wakati huo.

Akaweka kalamu chini.

"Sikusahau," alisema.

"Nini?"

"Fomu. Niliileta Ijumaa yake, nanyi mnayo humo ndani. Mtafuteni Pinda Capers. Niliandika jina la kikapuni. Na si huyo peke yake. Ni mia moja tisini na sita, Bi Hargrove. Wote."

Kwenye meza ya nyuma mtu alifunga mkoba wake.

"Umelijua hili lini?"

"Juma lililopita."

"Na ulipolijua?"

"Nilipolijua nilikuja hapa kukudanganya."

Bi Hargrove aliketi. Mahala alimweleza kuhusu siku ya tisa, kwa maneno machache, bila kumtaja Josiah.

"Sheria inakupa siku kumi," Bi Hargrove alisema. "Ungengoja ya tisa, ukaandika."

"Barua zinaondoka kisiwani Ijumaa. Mtoto akizaliwa Jumamosi, siku ya tisa ni Jumapili. Ya kumi ni Jumatatu. Nawe uliniambia ikichelewa hata siku moja, kibali hakuna."

"Najua nilichosema." Alikaa kidogo akiizungusha kalamu. "Haya. Nataka orodha. Kila mtoto, jina uliloandika na jina lake halisi, na sahihi ya mzazi. Mkutano wa Agosti uwe nayo. Cheti cha huyo msichana nitakishughulikia kwanza. Lakini kibali chako, Mahala, siwezi kukuahidi. Ofisi ya jimbo itaamua, na mimi nitawaandikia kama ilivyo."

"Andika kama ilivyo," Mahala alisema.

*

Basi mwezi mzima walizunguka kisiwa, Mahala mbele na Pinda nyuma na daftari. Kwanza Dosia hakuwasemesha. Siku ya tatu aliwafungia viazi vitamu kwenye kitambaa akasema hawezi kuwaacha wafe njaa kwa sababu ya ukaidi wao.

Si kila nyumba iliwapokea vizuri. Baba yake Boysie alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Miaka kumi na tisa mtoto wangu anaitwa Boysie huko serikalini? Mimi nimempa jina la nabii!"

"Ndiyo maana nimekuja," Mahala alisema. "Unisamehe, kisha ulitaje polepole, huyu aandike."

Nyumba nyingine zilikuwa vichekesho. Mama mmoja mwenye watoto kumi na mmoja alisahau jina la kanisani la wa saba, ikabidi amwite mumewe toka shambani wasaidiane, naye akalikosea. Ajuza mmoja alikataa katakata kulitaja jina la mjukuu wake mchana kweupe. Alimwita Pinda ndani, akafunga dirisha, akamnong'oneza.

Na kila nyumba, kabla ya kuandika, Mahala alisimulia. Huyu alikuja maji yakiwa yamekupwa, hata mashua haikuweza kutoka. Huyu alikuwa na kitovu shingoni, mizunguko miwili. Huyu hakulia mpaka nilipomwita mara ya tatu, na nilimwita kwa la kikapuni, akaitika. Vijana wenye ndevu walikaa chini kwenye ngazi wakasikiliza habari zao. Pinda aliacha kuwa na haraka. Alianza kuandika pembeni mwa daftari mambo ambayo fomu haikuyauliza.

Jumamosi kabla ya mkutano, jua likiwa bado juu, walikaa barazani kwa Mahala wakapitia kurasa.

"Mia moja tisini na sita," Pinda alisema. "Bibi, tumemaliza."

"Bado mmoja."

"Nimehesabu mara mbili."

"Bado mmoja. Andika. Josiah Chisolm."

Pinda aliinua macho. "Chisolm wa kwa nani?"

"Wa kwangu. Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka tisini na tisa. Aliishi siku nane."

Kalamu haikuenda. Pinda alimjua mwanamke huyu maisha yake yote, alilala mgongoni mwake, na hakuwahi kusikia kwamba alikuwa mama wa mtu. "Bibi, huyu hana fomu," alisema mwisho, kwa upole. "Wakati huo fomu hazikuwepo."

"Najua. Andika tu."

Akaandika. Herufi zilikuwa nzuri kuliko za jina lolote lingine kwenye daftari. "Na jina lake la kikapuni?"

Mahala alitazama bamia zake.

"Hilo niachie," alisema.

*

Mkutano wa Agosti alienda na daftari, na mkoba ukiwa umefuliwa, umetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka mishipi. Hakungoja kuambiwa kwamba huenda akaurudisha. Bi Hargrove alisoma orodha yote palepale, ukurasa kwa ukurasa, akaweka alama kila jina. Alipofika mwisho, kalamu ilisimama.

"Huyu hana fomu."

"Hana."

"Kwa nini umemwandika?"

"Awe ameandikwa mahali."

Bi Hargrove aliyasoma yale maneno tena, jina na zile siku nane pembeni yake. Halafu akaweka alama pembeni, sawasawa na za wenzake, akagonga muhuri chini ya ukurasa.

Barua ya ofisi ya jimbo ilikuwa mezani tayari. Kibali hakitatolewa upya. Mahala aliusukuma mkoba mbele kwa mikono miwili.

"Angalia mkasi," alisema. "Umelegea kidogo kwenye msumari wake wa katikati. Atakayepewa akaze kabla hajautumia."

"Bi Chisolm," Bi Hargrove alianza. Ilichukua miaka ishirini ya kusimamiwa naye, na mkoba kupokonywa, ili aitwe hivyo. Mahala alisubiri kwa adabu kama kuna neno litakalofuata, na lilipokosekana akaaga.

Kwenye mashua alilia. Hakuficha, alilia kutoka gati la mjini mpaka katikati ya mkondo, mikono mitupu magotini, isijue pa kukaa. Alilia kwa ajili ya mkoba, na kwa ajili ya mikono, na kidogo kwa ajili ya Josiah. Mingo, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, aliangalia mbele tu na kuendesha chombo. Walipokaribia kisiwa ndipo aliposema, "Na mke wangu, Bibi?"

"Atakuja mkunga wa ng'ambo. Namjua, ana mikono mizuri." Alijifuta uso kwa aproni. "Mimi nitakuwa jikoni nachemsha maji. Kuchemsha maji hakuhitaji kibali."

"Na siku ya tisa?"

"Siku ya tisa nitakuwa mlangoni. Nani atanizuia mlangoni?"

*

Cheti kilifika Agosti tarehe ishirini na tatu. Dosia alikitundika ukutani kwa siku mbili ili majirani wakione, kisha akakitoa kwa shingo upande. Alhamisi iliyofuata kisiwa kizima kilikuwa gatini. Dosia alikuwa ameleta wali mwekundu kwenye kopo, kamba wa kukaanga, na mikate ya mahindi ya kulisha kambi ya jeshi.

"Mama, ni safari ya siku moja."

"Na huko Charleston wanapika? Una hakika?"

Watu walimkumbatia, wakamtania, wakamwita. Pinda, usitusahau. Pinda, ukimchoma mtu sindano umkumbuke mjomba wako. Sanduku liliingizwa mashuani, Mingo akashika kamba. Pinda alimtafuta Mahala kwa macho akamwona amesimama mwisho kabisa wa gati, pale ambapo mbao zinaishia na maji yanaanza, karibu na mahali Tobias aliposimama zamani zile.

Mahala alishusha pumzi, akaita kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Lavinia Capers!"

Dosia alijiziba mdomo. Ajuza aliyenong'ona dirisha likiwa limefungwa alitazama maji kwa hofu, kana kwamba kuna mtu angejitokeza humo.

"Lavinia Capers!" Mahala aliita tena, yule ambaye hakuwahi kumwita hivyo ila mara moja, sikioni, kizingitini.

Pinda alisimama ndani ya mashua, akajishikilia kwenye bega la Mingo.

"Naam, Bibi. Nipo."

Mahala aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametaka tu, mara moja kabla hajafa, kuita jina la mtoto mbele ya maji na kusikia likiitikiwa. Alimpungia Mingo mkono afungue kamba.